Sakafu ya mbao ya lori: upake nini, uache nini

Kabla hujaingia dukani, simama nyuma ya gari lako uangalie sakafu inavyoteswa. Gunia la kilo 100 linaburutwa, kreti zinasukumwa, tofali zinamwagwa, na utingo anakanyaga kwa viatu vilivyojaa mchanga. Gari likipita kwenye makorongo chasisi inajipinda, na mbao zinajipinda nayo. Jua la mchana linazikausha, mvua ya jioni inazilowesha. Chochote kinachokaa juu ya ubao kama ngozi kitachanika tu, hata kiwe kigumu namna gani. Kwa hiyo hapa nimetanguliza vinavyozama ndani ya mbao, na vinavyong'aa nimevishusha.

Nilijifunza hilo kwenye Canter yangu ya kwanza. Niliipaka vanishi mikono mitatu, yaani tabaka tatu, sakafu ikapendeza kama kabati la sebuleni. Miezi michache baadaye ilikuwa na mikwaruzo kila mahali. Maji yakaingilia kwenye mikwaruzo, yakakosa pa kutokea kwa sababu vanishi iliyobaki iliyafungia ndani. Masika yalipoisha nilichoma bisibisi karibu na mlango wa nyuma, ikazama kama kwenye mkate. Mbao tatu za paini ziling'olewa siku hiyo, na nilipozigeuza zilikuwa zimeoza kuanzia chini na kwenye ncha, huku juu bado zinang'aa.

Namba moja kwangu ni mafuta ya mbegu za kitani, ambayo madukani huitwa linsidi. Nunua yale yaliyochemshwa. Mabichi huchukua siku nyingi mno kukauka, na gari la biashara halina siku hizo. Linsidi huingia ndani ya ubao na kugandia humo, kwa hiyo gunia likiburutwa hakuna cha kubanduka. Sakafu ikichoka, unafagia, unaosha, unaacha ikauke, unapaka tena juu ya ile ya zamani bila kukwangua chochote. Hiyo pekee inatosha kuipa nafasi ya kwanza. Mafundi wa majahazi wa pwani walikuwa na akili hiyo hiyo waliposugua mbao kwa sifa, mafuta ya papa, na kurudia kila chombo kilipopandishwa pwani. Sifa yenyewe usiilete kwenye lori la unga, harufu yake haitoki.

Linsidi ina udhaifu mmoja: haiui kuvu wala mchwa, na ikiwa peke yake mahali penye unyevunyevu ubao unaweza kuota ukungu mweusi. Ndiyo maana nainunua pamoja na dawa ya mbao. Dawa inatangulia, hasa upande wa chini na kwenye ncha, inaachwa ikauke kabisa kama maelekezo ya kopo yanavyosema, kisha ndiyo mafuta yanafuata. Ukibeba nafaka, tandika turubai safi kila safari. Dawa ya mbao ni sumu, na haitakiwi kugusa chakula.

Namba mbili ni mafuta ya mbao yenye rangi, yale wanayopaka vibaraza na fenicha za nje. Yanafanya kazi kama linsidi, na rangi iliyomo inaukinga ubao na jua linaloupausha. Bei yake iko juu na si kila duka la vifaa vya ujenzi linayo. Soma kopo: kama linaahidi mng'ao mkali, hayo yanaunda ngozi, yaache.

Namba tatu, vanishi ya boti. Ina unyumbufu kuliko vanishi ya ndani na inastahimili jua zaidi. Inafaa pikapu ya mtu anayebeba begi na mboga za nyumbani. Kwa lori la mizigo, hapana.

Rangi ya mafuta ipake kwenye kuta za bodi, lile sanduku la mizigo, huko inakaa vizuri. Sakafuni inachubuka njia nzima pale magunia yanapoburutwa. Epoksi, ile ya kuchanganya makopo mawili ikagandia kama plastiki, ni ngumu sana, lakini jua huifanya ipauke na kutoa ungaunga, na ubao ukijipinda yenyewe inapasuka. Ningeifikiria kwa bodi iliyofunikwa juu tu.

Mwisho kabisa, oili chafu ya injini. Najua ndiyo inayopakwa kuliko vyote, kwa sababu gereji wanaigawa bure. Haikauki. Sakafu inateleza, na anayepakia anaanguka na gunia mgongoni. Magunia yananyonya harufu, na niliwahi kukataliwa mchele sokoni kwa sababu hiyo. Zaidi ya hayo, oili iliyotumika ina mabaki ya metali na kemikali zinazosababisha saratani, na kijana anayeipaka kwa mikono mitupu anaziingiza mwilini. Tafadhali usimpe mtu kazi hiyo. Lami nayo inalainika kwenye joto na kushika kila unachobeba.

Sasa kipimo cha kununua. Bodi ya mita 4 kwa 2 ina mita za mraba 8, na ukipaka juu na chini zinakuwa 16. Lita moja ya mafuta hufunika takriban mita za mraba 8 hadi 10 za ubao uliopigwa randa, na pungufu ya hapo kama haukupigwa. Kwa mikono mitatu pande zote mbili, nenda na lita 5 au 6 za linsidi, lita 2 za tapentaini ya kuyalainisha, na dawa kopo lake.

Mkono wa kwanza changanya nusu kwa nusu na tapentaini ili uingie ndani. Wa pili mafuta yazidi, wa tatu mafuta matupu, na kati ya mkono na mkono ipite siku nzima au zaidi. Baada ya dakika 15 au 20 futa yaliyobaki juu kwa kitambaa, la sivyo sakafu itanata na kukusanya vumbi. Ncha za mbao zirudie mara mbili au tatu zaidi, kwa sababu zinanyonya maji haraka kuliko mgongo wa ubao. Ukiweza, zipake kabla mbao hazijafungwa kwa bolti.

Matambara yaliyolowa linsidi usiyakunje wala kuyarundika kwenye kona ya gereji. Yanapata joto yenyewe na yanaweza kuwaka moto bila kiberiti. Yatandaze nje moja moja hadi yakauke, au yazamishe kwenye ndoo ya maji.

Kujua lini urudie, mwaga matone ya maji sakafuni. Yakikaa kama shanga, bado. Yakizama na kuacha doa jeusi, tafuta siku mbili tatu za jua na utoe brashi. Mimi hufanya hivyo mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na kabla ya vuli, na huanzia pale kwenye mlango wa nyuma.