Uzoefu wangu na grainda ya mkanda ya kufunga mwenyewe kwa kazi ya visu: 50 × 1830, mota ya 1.5 kW na VFD

Niseme mapema: fremu yenyewe naipa alama za wastani, na bado ningeinunua tena. Kwenye grainda ya visu, fremu ndiyo kitu rahisi kuliko vyote kurekebisha. Ni vyuma vya mraba, bolti na springi. Ikija imepinda, fundi wa kuchomelea anainyoosha siku hiyohiyo. Kinachoamua kama utapata kisu au chuma kilichoungua makali ni kasi ya mkanda, bamba ambalo mkanda unaliegemea, na mkanda wenyewe. Pesa zielekee huko.

Nilichoagiza ni fremu isiyo na mota: mkono mmoja wa chuma cha mraba, bamba la kuegemea lenye puli ndogo mbili juu na chini, puli ya kunyooshea mkanda, puli ya mota ya 125 mm, na meza ndogo ya kuwekea kazi. Fremu za mchoro huu huuzwa kwa majina mengi, kwa hiyo ninayoyasema hapa yakague kwenye yoyote utakayoiona.

Kuhusu saizi. Maduka ya vifaa vya useremala yana mikanda ya 75 × 533 na 100 × 610 ya mashine za mkononi, na wakati mwingine mashine za mezani za 100 × 915 zenye diski pembeni. Kwa mbao zinatosha. Kwa kisu, mkanda mfupi unarudi kwenye chuma kabla haujapoa, unaisha upesi, na bamba la upana wa 100 mm linakunyima kona safi pale mteremko wa makali unapoishia karibu na mpini. Saizi ya 50 × 1830, yaani inchi 2 kwa 72, ndiyo waliyoizoea watengeneza visu wa Marekani, na karibu kila aina ya msasa inapatikana kwa kipimo hicho. Ulaya wengi wanatumia 50 × 2000. Tofauti ya 170 mm inamezwa na mkono wa grainda: usogeze mbele kama 85 mm na mkanda mrefu unakaa, kwa kuwa mkanda unakwenda na kurudi. Kabla ya kulipa, hakikisha mkono una urefu huo wa ziada, na uulize chuma chake ni cha 38 au cha 40 mm. Milimita hizo mbili zitakuzuia baadaye kuingiza mkono wa puli kubwa kutoka kwa mtengenezaji mwingine.

Sasa mota. Muuzaji atakutajia nguvu. Wewe uliza mizunguko. Hesabu ni fupi: kipenyo cha puli kwa mita, mara 3.14, mara mizunguko kwa dakika, gawa kwa 60, unapata mita kwa sekunde. Puli ya 125 mm kwenye mota ya mizunguko 2,840 inatoa karibu 18.6 m/s. Ni kasi tamu unapokata umbo kutoka kwenye jani la springi ya gari. Peleka kasi hiyo kwenye kisu kilichokwisha kuchovywa, yaani kilichopashwa moto na kuzamishwa kwenye mafuta ili kiwe kigumu, ncha inageuka bluu kabla hujaondoa mkono. Puli hiyohiyo kwenye mota ya mizunguko 1,420 inatoa 9.3 m/s. Mimi nimechukua hii ya pili, 1.5 kW ya fezi tatu, nikaiendesha kwa VFD, yaani kile kifaa kinachopokea umeme wa fezi moja na kuipa mota fezi tatu huku kikibadilisha kasi. Ile 9.3 m/s ni ya umeme wa kawaida wa 50 Hz; Hz ikipanda au kushuka, kasi inafuata. Nikiwa kwenye 15 Hz mkanda unakwenda kama 2.8 m/s, mwendo wa kumalizia na wa kuchonga mpini. Kwenye 80 Hz unafika karibu 15 m/s. Juu ya 50 Hz mota inapungua msukumo, ila 1.5 kW inavumilia. Chini ya 15 Hz feni yake inazunguka polepole mno, na ikibebeshwa mzigo hapo kwa muda mrefu inachemka. Ningeagiza leo, ningechukua puli ya 150 mm: kwenye 80 Hz inafika karibu 17.8 m/s bila kuichosha mota.

Mota ya fezi moja yenye kapasita haiendeshwi na VFD ya namna hii. Mwenye nayo abaki na puli za ngazi na mkanda wa V, na akubali kusimamisha mashine kila anapobadili kasi.

Ukinunua mota ya mtumba, soma kibati chake kabla ya kusikiliza mlio. Kiandikwe 230/400 V. Iliyoandikwa 400/690 haitapata volti inazohitaji kutoka kwenye VFD ya 230 V, itazunguka lakini ukiibonyeza inasimama. Fungua boksi la nyaya na uweke vibamba vitatu vya shaba wima, sambamba, yaani delta. Mota nyingi huuzwa zikiwa zimefungwa kwa star (nyota), vibamba vikiwa vimelala. Kwenye kibati kuna ampia mbili, mathalani 5.9/3.4. Kwa delta unaingiza ile kubwa kwenye VFD. Anayeingiza ndogo hujikuta mashine inazima kila akibonyeza chuma, kisha analaumu mota.

Shafti nayo ina mambo. Mota ya kipimo cha kimataifa cha IEC ya 1.5 kW kwa kawaida ina shafti ya 24 mm yenye kii ya 8 mm. Puli iliyokuja na fremu yangu ilikuwa na tundu la 19 mm. Kazi hiyo anaimaliza fundi yeyote wa kukereza vyuma, Gerezani ya Dar es Salaam au Kamukunji ya Nairobi, lakini mwambie aisawazishe puli kwa ukingo wake wa nje kwanza, ndipo apanue tundu. Tundu likienda pembeni hata kidogo, mashine nzima inatetemeka na mtetemo huo unauona kwenye ubapa wa kisu kama mawimbi madogo.

VFD ya 1.5 kW inaweza kuvuta ampia 14 au zaidi upande wa kuingilia ikiwa na mzigo kamili, kwa hiyo plagi ya 13 A haiifai. Vuta waya wa 2.5 mm² hadi kwenye braka yake ya 20 A, na ethi ifike hadi kwenye fremu, isiishie kwenye mota. Kama nyumba ina kikata umeme cha 30 mA, kile kinachozima umeme ukivujia kwenye ethi, kinaweza kuzima bila hitilafu yoyote kwa sababu VFD huvujisha umeme kidogo kwenye ethi; mwite fundi umeme akuwekee aina inayokubaliana nayo, usikiondoe. Usiweke swichi kati ya VFD na mota. Kukata hapo mota ikiwa inazunguka kunaweza kuua VFD. Kitufe chekundu cha dharura kiende kwenye terminali za kuamuru za VFD, au kabla ya VFD.

Mipangilio niliyobaki nayo: kasi ya chini 10 Hz, ya juu 80 Hz, kupanda sekunde 3, kushuka sekunde 3. Muhimu kuliko hiyo yote ni kuzima uwezo wa kujiwasha umeme unaporudi. Umeme ukikatika katikati ya kazi, watu huacha mashine ilivyo. Ukirudi na mkanda ukaanza kukimbia peke yake huku kisu kimelala mezani, hapo kuna ajali. VFD nyingi za bei nafuu ni IP20, zina matundu ya hewa, na vumbi la chuma linapitisha umeme. Ama ununue ya IP65, isiyoingiza vumbi, ama uiweke kwenye boksi lililofungwa, kubwa kiasi cha kutoa joto, mbali na njia ya cheche.

Kufunga fremu ni kazi ya nusu siku kwa mtu mwenye spana na rula ndefu ya chuma. Rula hiyo ndiyo kila kitu. Iegemeze kwenye ubavu wa puli ya mota, kisha angalia puli mbili za bamba: zote ziguse pamoja. Zangu zilipishana milimita 3, na washa za shaba zikamaliza tatizo. Ukiruka hatua hii, kirungu cha kunyooshea mkanda kitafanya kazi ya kuficha kasoro: mkanda utakaa sawa ukiwa mtupu, na ukibonyeza kisu unakimbilia upande. Puli ya kunyooshea lazima iwe na kifua, yaani katikati iwe juu kuliko kingo kwa kama nusu milimita hadi moja. Ikiwa bapa kabisa, mkanda hautatulia. Mara ya kwanza zungusha kwa mkono, umeme ukiwa umezimwa, mpaka mkanda ukae katikati. Kisha washa kwa 10 Hz huku umesimama pembeni, usisimame mbele.

Bamba lililokuja ni chuma laini cha 8 mm. Chuma laini kinachimbika katikati, na bamba lenye shimo linatoa ubapa wenye tumbo ambao hakuna ufundi wa mkono utakaounyoosha. Hapa ndipo nawashauri watu watumie pesa bila kubishana: kipande cha kioo cha seramiki cha 5 mm, upana wa 50. Kwangua bamba kwa msasa wa 80, futa kwa spiriti, paka gundi ya epoksi ya mirija miwili, bana kidogo usiku kucha. Chini yake chomelea au funga kidomo cha chuma cha kukizuia kioo, maana mkanda unakivuta kuelekea chini. Ukingo wa juu uviringe kidogo, la sivyo kiungo cha mkanda kitagonga hapo kila mzunguko. Ukishamaliza, uso wa kioo utokeze mbele ya puli zake mbili kwa milimita 1 hadi 2. Ukizidisha, mkanda unakunjika sana kwenye kingo na kuchakaa. Ukipunguza, mkanda unaelea na ubapa unakuwa wa duara.

Mikanda ndiyo gharama isiyokwisha. Kwa kutoa umbo natumia mkanda wa chembe za seramiki, namba 36 au 60, mfano Cubitron II ya 3M. Seramiki inataka kasi na inataka kubonyezwa. Chembe zake hukata kwa kuvunjika na kutoa ncha mpya. Ukiipapasa papasa, hasa kwenye chuma kilichochovywa, inang'aa, inaacha kukata na inabaki kuchoma. Dalili yake ni cheche kupungua huku kisu kikizidi joto. Baada ya hapo 120, halafu 220, kisha Trizact A45 ambayo ni kama 400. Usiruke kutoka 60 hadi 220: mikwaruzo mirefu itabaki na utaiona siku ya mwisho, kisu kikiwa tayari kina mpini. Badili mwelekeo wa mikwaruzo kidogo kila unapobadili namba, ili ya zamani ionekane. Nyuma ya mkanda tafuta herufi: X na Y ni migumu, ya bambani, J ni laini, ya mipini na mikunjo. Fuata mshale kama upo. Ukiwa pwani, itundike mahali pakavu, isikunjwe. Unyevu unalegeza gundi ya kiungo, na mkanda uliokaa dukani muda mrefu hukatika hapohapo kwenye kiungo.

Kwenye kisu chenyewe, chora mistari miwili katikati ya ukingo utakaokuwa makali na usage hadi hapo. Kabla ya kuchovya bakiza unene wa 0.5 hadi 0.8 mm, ukipita chini ya hapo ukingo mwembamba hupinda au kupasuka kwenye mafuta. Springi za gari nyingi ni chuma cha jamii ya 5160, zinakubali mafuta vizuri, ila za mtumba huwa na nyufa zisizoonekana, kwa hiyo safisha uso wote kwanza na uukague. Kisu kikishachovywa na kurudishwa kwenye oveni ya karibu 200 °C, kila joto utakaloongeza kwenye mkanda linalainisha makali. Rangi ya bluu ina maana umefika karibu 300 °C, na hapo makali yameshalainika hata ukiisugua rangi ikatoka. Fanya kazi bila glovu wakati huo, kasi chini, ndoo ya maji kando, na uchovye kila pasi moja. Kidole kinakuambia mapema kuliko jicho. Glovu za kitambaa hazifai karibu na mkanda hata siku moja.

Chini ya mkanda weka sufuria ya maji ya kupokea cheche. Ukianza kuchonga mpini wa mbao, ondoa kwanza vumbi la chuma na maji yake, kwa sababu cheche zikiingia kwenye vumbi la mbao zinakaa zikifukuta na moto unaweza kuanza ukiwa umeshafunga karakana. Mpingo unapendeza mno kwenye kisu, lakini vumbi lake linawasha ngozi na mapafu. Kitambaa cha puani hakisaidii, vaa barakoa yenye vichujio vya P3, daraja la vumbi laini. Ni mti wenye mafuta, unaziba mkanda na kuungua haraka, kwa hiyo mkanda mpya wa 60 au 120, 15 Hz, na mkono mwepesi.

Kilichoniudhi kwenye fremu hii ni beringi. Zilikuja zenye kifuniko cha bati tu, na vumbi la chuma likaziingia hadi puli ya juu ikaanza kulia. Soma namba kwenye beringi yako (zangu ni 6202), nunua zenye mwisho wa 2RS, yaani zenye mipira pande zote mbili, na uzibadilishe kabla hujawasha mashine mara ya kwanza.