Uzoefu wangu na kasha la viungo vya kokteli: karafuu zilinishinda, iliki zikaniokoa

Kwa miezi minne sasa nimekuwa nikitumia kasha la viungo vya kuchanganyia vinywaji, ambalo niliagiza kwa simu kutoka kwa muuzaji mmoja wa Dar es Salaam. Nina nyumba ndogo ya wageni hapa Moshi, upande wa Rau, yenye vyumba sita, na wageni wangu wengi ni watu walioteremka mlimani siku hiyo hiyo, ambao wakishaoga na kupumzika huuliza kama kuna kitu cha kunywa mbali na bia. Leseni ya vileo ninayo tangu zamani. Nilichokosa ni ujuzi. Kasha liligharimu shilingi 45,000 na nauli ya basi shilingi 5,000, nalo lilifika stendi siku ya pili likiwa limebonyea pembe moja, bila kitu kumwagika. Jina la muuzaji naliacha, kwa kuwa nina malalamiko kadhaa na sioni haja ya kumharibia mtu riziki kwa makosa ambayo mengine amekubali kuyarekebisha.

Ndani mna vifuko kumi na viwili: karafuu, iliki, mdalasini wa vijiti na wa unga, pilipili manga, mbegu za giligilani, kungumanga mbili nzima, tangawizi kavu, mnanaa mkavu, rozimari kavu, maua ya rozela, na kifuko cha mwisho kilichoandikwa "machungu", ambacho nitakirudia baadaye kwa sababu ndicho kilichonifanya nisijutie fedha yangu. Pamoja navyo kuna kikaratasi cha maelekezo, na matatizo yangu yote yalianzia hapo.

Kikaratasi kinasema utie vijiko viwili vya chakula vya karafuu katika nusu lita ya pombe kali na kuiacha siku saba. Nilitii. Nilitumia Konyagi, ambayo ina kilevi cha asilimia 35, nikaiweka kabatini, na siku ya tatu ilikuwa imeshapata rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Siku ya saba nilimchanganyia mgeni mmoja pamoja na ndimu na asali, naye baada ya mafunda mawili akaniuliza kwa upole kama huwa ninatibu meno pia. Nilipoionja mwenyewe nilielewa, kwani midomo yote ilikuwa imekufa ganzi. Karafuu zina yujenoli, mafuta yale yale ambayo madaktari wa meno huyatumia kutuliza maumivu, na kilevi huyavuta mafuta hayo haraka na kwa wingi kuliko maji yanavyoweza. Katika sufuria ya pilau karafuu kumi hupotea, kwa sababu kuna mchele, nyama, vitunguu na samli vya kuzigawana. Ndani ya chupa hakuna wa kumsaidia mnywaji.

Nusu lita ile sikuimwaga, maana sisi wa huku hatumwagi kitu kilichonunuliwa. Naitumia kwa matone: matano au sita katika glasi ya soda ya tangawizi yenye barafu, na hapo inapendeza kweli. Lakini somo lilinigharimu chupa nzima, na ndilo ambalo muuzaji angepaswa kuliandika mwanzoni kabisa mwa kikaratasi chake: kiungo cha kinywaji hupimwa kwa saa kwanza, kijiko baadaye. Siku hizi natia karafuu tano tu katika nusu lita na kuzichuja baada ya saa kumi na mbili. Pilipili manga, ikipondwa kidogo kwenye kinu, naipa siku moja. Kijiti kimoja cha mdalasini hukaa siku mbili au tatu na bado hakikorofishi. Pilipili kichaa mbichi, ambayo haimo kashani lakini wageni vijana huipenda, haivuki saa moja, na hata hapo nasimama karibu nikionja kila baada ya dakika kumi na tano. Mtu akiweka chupa na kwenda zake Arusha kwa siku mbili, asinilaumu.

Iliki za kasha hili ni nzuri kuliko zile ninazopata sokoni Mbuyuni, na nasema hivyo kwa kuzilinganisha. Ni za kijani, nzito, na maganda hayajapasuka, maana yake mafuta yamebaki ndani. Njia niliyoizoea ni kutengeneza shira: kikombe kimoja cha sukari kwa kikombe kimoja cha maji, nachemsha hadi sukari iyeyuke, nazima moto, kisha natia iliki nane zilizogongwa tu mpaka zikafunguka, nafunika na kuziacha dakika arobaini kabla ya kuchuja. Shira ya kipimo hiki hukaa kwenye friji kama wiki tatu. Nachukua Konyagi mililita 50, maji ya ndimu mililita 25 na shira ya iliki mililita 20, natikisa na barafu kwa nguvu hadi chombo kiume mkono kwa baridi, kisha namimina. Walioonja "dawa" ya Nairobi, ile ya vodka, asali na ndimu, huniambia kwamba hii ni ndugu yake. Wengi huomba ya pili, na hapo ndipo ninapoanza kuuliza kama kesho wana safari ya mapema.

Mdalasini wa unga ni hasara tupu. Unga huo ukikaa ndani ya majimaji huvimba na kutoa utelezi, na shira niliyoijaribu ilivutika kama mlenda hata baada ya kupitishwa kwenye kitambaa mara mbili. Sijui kwa nini uliwekwa wakati vijiti vimo. Unga una kasoro nyingine inayofahamika kwa kila mpishi: kiungo kilichosagwa hupoteza harufu mapema kuliko kizima, kwa kuwa mafuta yake yamekwisha kuachwa wazi kwa hewa. Ndiyo maana nimefurahi kwamba kungumanga zimeletwa nzima. Kukwangua kidogo juu ya glasi, wakati mgeni anatazama, hufanya kazi kubwa kuliko kijiko kizima cha unga wake.

Kuhusu majani makavu sina mengi. Mnanaa mkavu unafaa kwa chai. Katika glasi unaelea kama majani yaliyoanguka kwenye mfereji. Fungu bichi sokoni ni shilingi 500, na ukichomeka kijiti kimoja kwenye udongo wenye unyevu utakuwa na mnanaa mpaka uuchukie. Majani yake yasisagwe, kwa sababu yakisagika hutoa uchungu wa majani mabichi. Napiga tawi mara moja kati ya viganja, linatoa harufu, natia. Rozimari nayo ninayo kwenye ua, na mchaichai unaota pembeni mwa bomba bila kumwomba mtu ruhusa. Tangawizi kavu ya kasha ina ukali lakini haina ule ubichi wa kupanda puani, na anayeishi mkoa huu, ambao tangawizi ya Same kutoka milima ya Upare inashuka kwa magunia, hana sababu ya kununua iliyokaushwa. Rozela ni nzuri: nachemsha na kijiti cha mdalasini, natia shira, nawapa wasiokunywa pombe katika glasi zile zile za wengine, na hakuna anayejiona ametengwa.

Sasa machungu. Kifuko hicho kina maganda makavu ya machungwa, iliki chache, karafuu mbili (safari hii walihesabu) na vipande vya mzizi wa jentiani, ambao ni mchungu kiasi kwamba kipande cha ukubwa wa punje ya mchele hukaa kinywani hadi jioni. Unaviloweka kwenye mililita 200 za pombe kali kwa majuma mawili, ukitikisa chupa kila siku, kisha unachuja na kutumia matone mawili au matatu kwa kila glasi. Desturi hii ni ya zamani. Gazeti moja la mji wa Hudson, New York, lilipoeleza mwaka 1806 maana ya neno kokteli, lilitaja pombe kali, sukari, maji na machungu, basi. Yale machungu maarufu ya Angostura, yenye chupa ndogo iliyovaa karatasi kubwa kuliko yenyewe, yalitengenezwa mwaka 1824 na daktari Mjerumani, Johann Siegert, aliyekuwa Venezuela, na mwanzoni yalikuwa dawa ya tumbo. Kwa hiyo sikushangaa kwamba kikaratasi kinayaita "roho ya kinywaji", ingawa nilidhani ni maneno ya biashara.

Aliyenithibitishia ni bibi jirani yangu, ambaye amepika mbege tangu kabla sijazaliwa. Alikuja kuazima chujio, nikamwamkia, nikampa glasi ndogo ya Konyagi, shira ya iliki na matone matatu ya machungu. Akaizungusha mdomoni kwa utaratibu wa mtu aliyeonja mapipa mengi, akameza, akanyamaza.

"Mwanangu," akasema, "hii mmetia msesewe."

Nikamwambia hapana, ni mzizi wa Ulaya. Akacheka. Mbege, kwa wasioijua, hupikwa kwa ndizi mbivu na ulezi, na utamu wake ungechosha mapema kama si gome la mti wa msesewe, ambalo huleta uchungu wa kuusimamisha. Kazi ya gome ndani ya mbege na kazi ya jentiani ndani ya glasi yangu ni moja: utamu unapata kitu cha kushindana nacho. Nilipomuuliza kama naweza kuloweka msesewe kwenye Konyagi, alikataa moja kwa moja. Gome hilo lina nguvu ya dawa, alisema, na wanaolitumia hulipima kwa mkono uliofundishwa, tena ndani ya pipa, si ndani ya chupa ya pombe kali ambayo hujui imevuta kiasi gani. Baada ya mkasa wa karafuu sikuhitaji kuambiwa mara mbili.

Nilimwandikia muuzaji kuhusu karafuu na mdalasini wa unga. Alichukua siku tano kujibu, na jibu la kwanza lilikuwa kwamba wateja wengine hawajalalamika, jambo lililoniudhi. Nilipomtumia picha ya ile shira ya mlenda alibadilika, akaahidi kuandika upya kipimo cha karafuu. Fedha hakurudisha, nami sikuzidai.

Kasha zima sitalinunua tena, maana nusu yake inapatikana bichi na kwa bei nafuu kati ya Mbuyuni na ua wangu. Nimemwomba aniuzie iliki na machungu peke yake, naye amekubali: vifuko viwili kwa shilingi 12,000, nauli ya basi juu yangu, na mzigo nitauchukua stendi Jumamosi.