Kikaangio cha hewa kwa ajili ya vipapatio: beba rula, lita achana nazo

Ukitaka kujua kikaangio cha hewa kina nguvu gani, kitie vipapatio vya kuku. Viazi hata mashine dhaifu huviweza. Kipapatio kina ngozi nyingi kwa nyama kidogo, na ngozi hiyo imejaa maji na mafuta. Isipokaushwa sawasawa hubaki inavutika kama mpira, hata ikiwa imepata rangi ya kupendeza. Kwa hiyo hapa sitapanga mashine kwa uwezo wake wa kuoka keki au kukausha matunda. Swali ni moja: ipi itaikausha ngozi ikawa kau, na nyama ya ndani ikabaki na majimaji yake?

Jina lenyewe linapotosha kidogo, maana hakuna kinachokaangwa. Ndani ya mashine kuna koili ya moto na feni kali juu, na chini yake chumba kidogo. Ni oveni iliyobanwa. Philips walipoingiza Airfryer yao sokoni mwaka 2010, watu walivutwa na habari ya kutumia mafuta kidogo, na mpaka leo matangazo mengi yanaimba wimbo huohuo. Kwa vipapatio mafuta si hoja, kwa sababu ngozi ina yake ya kutosha. Kazi inafanywa na upepo: unaufagia unyevu unaotoka kwenye ngozi, ngozi inakauka, joto lake linapanda, na hapo ndipo inaanza kupata rangi ya kahawia na ladha ya kuchoma. Upepo ukizibwa, unyevu unabaki palepale na vipapatio vinapikwa kwa mvuke.

Na kinachouziba zaidi ni kurundika. Ndiyo maana sizitaki lita. Lita hupimwa toka chini ya kapu hadi ukingoni, ilhali vipapatio vinatakiwa vilale safu moja. Nafasi iliyo juu yao ni ya hewa tu. Nilinunua cha kwanza kwa kusoma namba ya lita kwenye boksi, kumbe kapu lilikuwa refu na jembamba kama ndoo. Tulikuwa tukila kwa zamu, wa mwisho akianza wakati wa kwanza ameshaosha mikono.

Chukua rula. Kipande kimoja cha kipapatio kilichokatwa kwenye kiungo huchukua takriban sentimita 9 kwa 4 kikilala. Kapu la mraba lenye sakafu ya sentimita 22 kwa 22 litabeba vipande kama 13, yaani karibu nusu kilo. Kapu la mviringo lenye kipenyo cha sentimita 18 litabeba 7 kwa kubanana. Boksi zote mbili zinaweza kuwa na namba za lita zinazokaribiana. Kama vipimo vya sakafu havikuandikwa, omba kapu litolewe upime mwenyewe.

Baada ya upana, angalia wati na joto la juu kabisa. Mashine ya droo moja yenye wati 1,400 hadi 1,800 inatosha, mradi ifike nyuzi 200 za Selsiasi. Chumba kikubwa chenye wati chache kitachelewa kurudisha joto kila unapokifungua kugeuza nyama. Kumbuka pia kwamba wati 1,700 ni mzigo mzito: chomeka moja kwa moja ukutani, si kwenye waya mwembamba wa kuunganishia.

Nafasi ya kwanza: droo moja pana ya mraba, lita 5 hadi 6.5

Hii ndiyo ningemshauri mtu yeyote anayepikia watu watatu au wanne. Koili na feni viko karibu na nyama, sakafu ni sahani yenye matundu, mafuta yanadondoka chini yake, na droo inavutwa kwa mkono mmoja. Pembe za mraba hazipotezi nafasi kama mviringo unavyofanya.

Ila ikague vizuri. Inua ile sahani ya matundu: iwe imepanda juu ya sakafu ya droo angalau sentimita moja, la sivyo upande wa chini wa vipapatio utakaa kwenye mafuta. Vipira vilivyo kwenye kingo zake viwe vimebana, kwa sababu vikilegea siku moja utakikuta kimoja kwenye sahani ya mgeni. Matundu yawe mengi. Droo ikae imara bila kucheza. Inapofunguka kidogo mashine nyingi hujizima, na droo iliyolegea itakuzimia katikati ya upishi.

Dirisha la kioo ni zuri kwa siku za mwanzo, kisha mafuta yanalipaka na huoni kitu. Usiongeze pesa kwa ajili yake. Vitufe vyenye picha ya kuku, samaki na keki navyo si chochote ila joto na dakika ambazo mtu mwingine amekuchagulia, naye hajaona vipapatio vyako vina ukubwa gani.

Ya pili: droo mbili

Faida yake ni kupika vipapatio upande mmoja na viazi upande wa pili, vyote viishe kwa wakati mmoja. Hasara ni kwamba kila droo ni nyembamba, na mashine nyingi za namna hii hugawana umeme: ukiwasha zote mbili, ongeza dakika. Kwa familia kubwa inaweza kuipiku nafasi ya kwanza, lakini pima meza yako kwanza. Mashine hizi ni pana, na nyuma zinahitaji nafasi ya wazi ya sentimita 10 hadi 15 ili hewa ya moto itoke.

Ya tatu: oveni ya mezani yenye trei

Kwenye karatasi inashinda zote, maana inabeba kilo nzima au zaidi. Jikoni mambo ni mengine. Trei ya juu inakauka haraka, ya chini inachelewa, tena inadondokewa na mafuta ya juu. Lazima uzibadilishe nafasi katikati ya safari. Usafi wake nao ni adhabu: mafuta ya kuku huruka kwenye kuta, mlango na koili, na hakuna droo ya kutoa ukaiosha kwenye sinki. Inunue kama unataka kuoka vitu vingine pia.

Kama tayari una oveni kubwa yenye feni, subiri kidogo kabla ya kulipa. Panga vipapatio juu ya waya ulio juu ya trei, nyuzi 220, dakika 40 hadi 45. Vitatoka vizuri kabisa. Utakachonunua kwenye kikaangio ni muda mfupi na jiko lisilojaa joto, na huenda hilo kwako si kubwa.

Ya nne: ndogo ya mviringo, lita 2 hadi 3.5

Kwa anayeishi peke yake, inatosha na inapata moto upesi. Nyingi zina vitufe viwili tu vya kuzungusha, cha joto na cha dakika, na mimi navipenda kuliko vioo vya kugusa kwa mkono wenye mafuta. Usiinunue ukitarajia wageni.

Ya tano: mfuniko wa kukaushia juu ya sufuria ya presha

Nyama inalainika sana kwa mvuke, lakini ngozi inatoka imelowa na sufuria ni ya kina kirefu. Bila waya wa kuinua nyama, upepo haufiki chini. Kazi mara mbili.

Ya mwisho: yenye mkono unaozunguka ndani

Kwa viazi, safi sana. Kwa vipapatio, mkono huo unachuna ngozi, na ngozi ndiyo uliyoifuata.

Kuhusu utando wa ndani ya kapu: utando wa teflon huachia chakula vizuri, na huanza kuharibika ukipita nyuzi 260, kiwango ambacho kikaangio kizima hakifiki kwa kawaida. Hata hivyo moshi wa teflon iliyopata joto kupita kiasi huua ndege, hivyo mwenye kasuku ndani achague kapu la kauri, kioo au chuma kisichoshika kutu. Kauri hupoteza utelezi mapema zaidi. Kwa vyovyote vile usitumie uma wa chuma wala mafuta ya kopo la kupuliza yenye lesithini, kile kiungo cha kuzuia chakula kisishike. Mafuta hayo huacha gundi isiyotoka.

Mashine ikifika nyumbani, iwashe tupu dakika kumi harufu ya kiwandani itoke, kisha ioshe. Vipapatio vifute kwa karatasi za jikoni mpaka karatasi isilowe. Kwa kilo moja, changanya kijiko kimoja cha chakula cha beking pauda na vijiko viwili vya chai vya chumvi, vipake, uvilaze kwenye friji bila kufunika usiku kucha. Beking pauda hufanya ngozi ipate rangi haraka na kutoa vipovu vidogo vinavyoifanya iwe nyepesi. Usiweke magadi badala yake, utakula sabuni.

Washa mashine dakika tatu kabla. Pika nyuzi 180 kwa dakika 15, geuza, malizia nyuzi 200 kwa dakika 8 hadi 10. Kuku ni salama akifika nyuzi 74 ndani, lakini kipapatio kina kano nyingi, na kinakuwa laini zaidi kikifika 85 hadi 90, basi usikiogope moto. Mashine ikianza kutoa moshi, ni mafuta ya chini yanayoungua: mimina maji kidogo chini ya sahani ya matundu.

Vitoe kwa koleo. Ukipindua droo nzima, yale mafuta yote uliyoyatoa kwenye ngozi yatarudi juu yake. Sosi ichanganye kwenye bakuli, vipapatio vikiwa vimetoka sasa hivi. Yenye asali au sukari ukiiweka mapema itaungua kabla nyama haijaiva.