Neti ya kivuli ya agroveti: tumeitumia saiti miezi miwili ya jua, haya ndiyo niliyoona

Wengi wakisikia neti ya kivuli, ile inauzwa agroveti, yaani duka la dawa na vifaa vya kilimo, wanafikiria nasari ya miche, hata mimi nilikuwa hivyo mpaka Februari. Mimi ni fundi wa vyuma, nakunja ringi, zile pete za chuma za kushikilia vyuma vya nguzo, na kufunga vyuma vya nguzo na slabu, mwaka wa kumi na moja sasa, na nawaandikia wenzangu wa mjengo na pia watu wa kuchomelea, wa kuosha magari, wa kupasua kokoto, mtu yeyote ambaye kazi yake inamkalisha pahali pamoja juani kutoka asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni.

Nianze na kilichonipeleka dukani. Saiti yetu ilikuwa Utawala, hapa Nairobi, na wenye wanajua huko wanajua ni udongo mweusi, vumbi, na mti hakuna. Tulikuwa na kijana wa mkono ametoka Nyandarua, siku yake ya tatu kazini, yeye ndiye alikuwa anatusogezea vyuma. Sasa chuma kikikaa juani tangu asubuhi, ikifika saa saba hakishikiki, na huyu kijana alikuwa na glavu moja tu, ya mkono wa kulia, ya kushoto alikuwa amefunga kitambaa. Saa nane hivi akasema misuli ya mguu inamkaza na kichwa kinamgonga, tukamwambia anywe maji apumzike kidogo, akasema ako sawa. Dakika kama ishirini baadaye naona anazunguka na chuma mkononi anaongea vitu hazieleweki, akaniita kwa jina la ndugu yake. Mtu mmoja akasema hiyo ni pombe ya jana. Haikuwa pombe, yule kijana ameokoka na hajawahi kuonja. Nilimshika mkono nikasikia ngozi iko moto kama bati.

Tulimlaza ubavuni mwa lori la mchanga kwa sababu hicho ndicho kivuli pekee kilikuwepo, tukamtoa helmeti na overoli, tukammwagia maji ya drumu ile ya kukorogea simiti, wawili wakawa wanampepea na mifuko ya simiti. Akarudi akili polepole ndio tukampeleka kliniki na gari la jirani. Daktari alisema tulifanya vizuri kumpoza kwanza hapo hapo kabla ya kumbeba, kwa sababu mwili ukishindwa kutoa joto ni ubongo, figo na moyo zinaumia, na hapo dakika ndio zinahesabika. Kijana alipona, Mungu asifiwe. Mwisho wa wiki akalipwa nusu siku kwa ile siku. Hilo mpaka leo linaniuma.

Hiyo jioni nikienda stage nikapita nasari moja ya kando ya barabara, miche ya parachichi imepangwa laini, juu kumetandwa neti nyeusi, chini kumetulia, yule mzee wa nasari anamwagilia maji. Nikasimama pale kama mtu amepotea. Mche wa shilingi mia umewekewa kivuli na maji mara mbili kwa siku.

Kesho yake nilipitia agroveti moja upande wa River Road. Muuzaji akaniuliza napanda nini, nikamwambia si miche, ni watu. Akanyamaza kidogo alafu akatoa rola tatu akanielezea vizuri sana, na kwa hilo hiyo duka inapata sifa kamili kutoka kwangu. Kuna ya asilimia 50, kuna ya 70 na ya 80, hiyo namba ni kiasi cha mwanga inazuia. Ya 50 ni ya mboga, mtu akikaa chini yake bado anachomeka. Nikachukua ya 80, upana mita nne, shilingi 320 kwa mita. Sisi kwa genge yetu tuko wanane, kila mtu akalipa mita yake, jumla 2,560. Akatupea na kamba ya nailoni bure.

Mtu atauliza mbona si turubai, na turubai iko kila pahali. Tulikuwa tumejaribu turubai la bluu mwaka uliopita. Turubai linazuia jua sawa, lakini linashika joto chini yake kama uko ndani ya hema iliyofungwa, upepo haupiti, jasho halikauki, na jasho lisipokauka mwili haupoi hata ukitoa ndoo nzima. Neti imetobolewa, hewa ya moto inapanda inatoka juu na kale kaupepo kanapita. Isitoshe turubai likishikwa na upepo linakuwa tanga, siku moja liling'oa nguzo ikaanguka sentimita chache kutoka kichwa cha mtu.

Kuifunga sasa. Tulisimamisha nguzo sita za mkaratusi juu ya benchi letu la kukunjia ringi, urefu wa kama mita mbili na nusu, upande mmoja juu kidogo. Makosa yetu ya kwanza ilikuwa kuifunga moja kwa moja na bainding waya, ile nyembamba ya kufungia vyuma, siku ya nne upepo wa mchana ukapasua pembe mbili kwa sababu waya inakata zile nyuzi. Usifanye hivyo. Kunja ukingo wa neti uzungushe kwa kipande cha mbao, pigilia misumari, alafu ufunge mbao kwa nguzo na nailoni. Tangu tufanye hivyo haijapasuka tena.

Tofauti niliiona siku ya kwanza. Sitawadanganya kwamba hewa inakuwa baridi, kivuli hakipunguzi joto la hewa, kinachofanya ni kuzuia ule moto wa jua unaokupiga mgongo na helmeti moja kwa moja, na vyuma pia vinabaki vya kushikika. Kabla ya neti, ikifika saa nane tulikuwa tunapima ringi mara mbili mbili na bado zinatoka kombo, mtu anasahau kama alikuwa anakunja sentimita kumi na tano ama ishirini. Kichwa kikipata moto mkono unakosea, na sisi tunafanya kazi na grainda. Mwenzangu mmoja ana kovu la kidole la Machi mwaka juzi, jasho liliingia macho akiwa anakata. Tangu neti iingie hatujapata hata mkwaruzo kwa hilo benchi.

Watu wa nje wanasema Nairobi ni baridi, hata jina lenyewe ni la Kimaasai la maji baridi, na kweli Julai unavaa jaketi. Lakini huu mji uko karibu na ikweta, kama mita 1,700 juu ya bahari, jua la Januari hadi Machi linapiga kutoka utosini, na miaka ya karibuni linapiga vingine. Sio sisi tu tunasema, 2024 imeandikwa kuwa mwaka wa joto kuliko yote tangu vipimo vianze. Tena usiangalie ile digrii ya kwa simu ukadhani ni ya kwako, kuna watafiti waliweka vipimo Kibera, Mathare na Mukuru msimu wa joto wa 2015 kuingia 2016 na wakakuta huko kuna joto digrii kadhaa kuliko kituo cha hali ya hewa cha Dagoretti. Mabati, vumbi, miti hakuna. Saiti ni hivyo hivyo.

Shirika la kazi duniani, ILO, lilitoa ripoti Aprili 2024, nilisoma kwa simu nikashtuka: kila mwaka wafanyakazi bilioni 2.41 wanakutana na joto la kupita kiasi kazini, ajali milioni 22.85 zinatokana nalo na watu 18,970 wanakufa. Ripoti yao nyingine ya Julai mwaka huo ikasema Afrika ni karibu wafanyakazi 93 kwa kila 100. Na kuna hii ya figo, watu milioni 26.2 wanaishi na ugonjwa wa figo unaohusishwa na joto la kazini. Hapo nilimkumbuka mzee wetu mmoja wa mbao, huyo hanywi maji mchana kwa sababu choo iko mbali na kila ukienda nyapara anakuangalia saa. Mkojo wake yeye mwenyewe anasema ni rangi ya chai ya rangi. Nilimsomea hiyo mambo ya figo, siku hizi anatembea na chupa ya lita mbili.

Na hii mambo ya kivuli si mpya kwetu. Jua kali si tunaitana hivyo kwa sababu ya wale mafundi wa kugonga mabati nje juani? Miaka ya 80 wakati wa Moi serikali ilijenga mabanda Kamukunji ili hao watu wapate kivuli. Yaani miaka arobaini iliyopita ilishajulikana kwamba fundi anahitaji kufunikwa kichwa, na jua la wakati huo halikuwa hili.

Kasoro ziko. Ya kwanza na kubwa, neti inasaidia tu mtu wa pahali pamoja. Siku ya kumwaga slabu hakuna pa kuifunga, wale wa kubeba karai wanapanda na kushuka juani siku nzima, na hao ndio wanaumia zaidi. Kwa hao tuliongea na nyapara mpaka akakubali kumwaga kuanze saa kumi na mbili asubuhi, na ikifika saa sita watu wapumzike chini ya neti yetu kwa zamu. Alikubali shingo upande, lakini slabu iliisha mapema kuliko ile ya kwanza.

Ya pili, mvua. Neti haizuii mvua hata kidogo, na mvua zetu siku hizi si za kunyunyiza, mnakumbuka Aprili na Mei 2024 venye Mathare na Mukuru zilibebwa. Ikianza kunyesha usikae hapo na grainda, chomoa stima kwanza, ondoa waya chini, alafu ndio ukimbie. Tulikosea mara moja tukikimbilia kuokoa simiti na ekstensheni ikabaki kwa maji.

Pia msidhani neti pekee inatosha. Sisi tumeweka jagi la maji la lita 20 hapo chini ya kivuli, na kila siku mama wa chakula anatukorogea chupa kadhaa: maji safi lita moja, sukari vijiko sita vya chai, chumvi nusu kijiko cha chai, basi. Usizidishe chumvi. Na mtu mgeni msimpe kazi nzito siku ya kwanza, mwili unahitaji wiki moja mpaka mbili kuzoea joto, mpe kidogo umwongezee kila siku. Yule kijana wetu tulimtupa kwa kazi kama mtu wa miaka mitano, tena ametoka Nyandarua kwenye baridi, hilo kosa ni letu sote, mimi nikiwa wa kwanza.

Mwajiri naye asijifiche nyuma ya mchango wetu. Sheria ya usalama na afya kazini ya 2007 inamtaka aweke maji safi ya kunywa na vifaa vya kujikinga. Tulilipa 320 kila mtu kwa sababu tulichoka kungoja, si kwa sababu ni jukumu letu.

Kwa hiyo neti naipa nyota nne kati ya tano, hiyo moja nimeitoa kwa sababu ya pembe kupasuka na kwa sababu pindo halijashonwa, kwa bei hiyo wangeshona. Duka nyota tano. Ukienda beba vipimo vya pahali pako na uangalie akipima, na usikubali ya 50 hata akisema ni sawa tu.

Utawala tulimaliza mwisho wa Machi. Tuliikunja ikaingia kwa mfuko mmoja wa simiti, tukapanda nayo matatu, sasa iko Ruai juu ya benchi lile lile. Kijana wa Nyandarua alirudi tukaanza naye pole pole, na wiki iliyopita alileta 960 akasema tuongeze mita tatu, anataka ifike mpaka pale vyuma vinapolala.