Mahon wa Strokestown na Gore-Booth wa Lissadell

Familia hizi mbili zilimiliki ardhi kubwa magharibi mwa Ireland, akina Mahon katika kaunti ya Roscommon, akina Gore-Booth katika kaunti ya Sligo, na zote zilikutwa na Njaa Kuu iliyoanza 1845 viazi vilipoharibika kwa kuoza. Meja Denis Mahon aliwafukuza maelfu ya wapangaji. Wengine aliwalipia nauli ya meli hadi Quebec mwaka 1847, na wengi wao walifia safarini. Inaniuma kila nikisoma habari hizo. Novemba mwaka huohuo alipigwa risasi njiani akirudi nyumbani.

Robert Gore-Booth naye alisafirisha wapangaji kwenda Kanada, hilo lisifichwe. Lakini anakumbukwa pia kwa kuweka mali yake rehani ili watu wapate chakula. Mjukuu wake, Constance Markievicz, ndiye mwanamke wa kwanza kuchaguliwa katika Bunge la Uingereza, mwaka 1918, ingawa alikataa kukaa kwenye kiti hicho. Mdogo wake Constance wa kiume, Josslyn, aliwauzia wapangaji mashamba.

Kwa anayetaka kuielewa njaa yenyewe, kati ya nyumba hizi mbili mimi naichagua Strokestown, ya akina Mahon: nyaraka za shamba zilikutwa humohumo, zikiwemo barua za wapangaji waliokuwa wakiomba msaada, na leo kuna makumbusho ya njaa hiyo.