Mtego wa mrija kwa minyoo wa tangi la maji ya chumvi
Mtego huu wa plastiki unafanya kazi, ila si kwa kila mgeni anayeingia na mawe hai, yaani mawe ya baharini yenye viumbe ndani yake. Tia kipande cha nyama ya kamba mbichi wa baharini kinacholingana na punje ya harage, uulaze kando ya jiwe taa zikishazimwa, uutoe asubuhi. Chambo kikikaa humo siku mbili huoza na amonia, sumu kwa samaki, hupanda. Minyoo wenye manyoya meupe ubavuni huingia vizuri. Usiwashike kwa vidole: manyoya hukatikia ngozini na kuwasha vibaya. Mnyoo mnene kuliko tundu hupapasa mlango, kisha hurudi mwambani. Konokono nao hunaswa, na hiyo ni kasoro kubwa. Minyoo wachache waache, husafisha mabaki; wakijaa, punguza kwanza chakula cha samaki.