TAHADHARI: "Kurudisha protezi mahali pake bila kisu" hapa Lubumbashi ni wizi

Bamama, bayaya, na nyie wadogo zangu mnaoniandikia inbox kuuliza bei: msiende. Yule mama anayetangaza kwenye WhatsApp kwamba anarudisha protezi za matiti, vile vifuko vinavyowekwa ndani ya titi kwa operesheni, mahali pake "bila kisu, bila damu, unarudi kazini siku hiyohiyo" ni mwizi. Jina lake siliandiki hapa kwa sababu avoka (wakili) wangu amenikataza mpaka faili ifike parke, ofisi ya mwendesha mashtaka. Lakini waliowahi kuona zile statusi zake zenye maua wanamjua.

Mambo ya Johannesburg, nilikowekewa protezi, mnayajua, sirudii. Mnajua pia titi la kushoto lilivyoanza kushuka. Lilipita chini ya mkunjo wake wa zamani, chuchu ikabaki inatazama juu, kovu lililokuwa limejificha kwenye mkunjo likapanda likawa juu ya titi lenyewe, na nikilala chali protezi inakimbilia kwapani. Mwanamke anayeishi na hali hiyo ananielewa. Unavaa sutien (sidiria) mbili. Unakataa harusi kwa sababu ya kitambaa walichochagua. Unazima taa kabla ya kuvua nguo. Niliona haya kulisema hata kwa ndugu zangu wa tumbo moja, na watu kama huyu mama wanaishi kwa haya hiyo, ndiyo mtaji wao.

Sasa kuna watu wameanza kusema "mtu amesoma vile, alidanganywaje?" Nitawaambia alivyonidanganya. Kwanza, shemeji yangu ndiye aliyenipa namba yake, na shemeji yangu si mtu wa maneno ya ovyo. Pili, huyu mama anajua kuongea mambo ya protezi kuliko waganga (madaktari) wengine niliowahi kukaa mbele yao. Aliniuliza ni mililita ngapi, ziko juu ya msuli au chini ya msuli, ni za duara au za umbo la tone, uso wake ni laini au wa kukwaruza. Muuza krimu wa soko la Kenya hapa mjini hawezi kukuuliza hayo! Akanieleza habari ya protezi za PIP za Ufaransa, zilizoondolewa sokoni mwaka 2010 baada ya kugundulika zimejazwa silikoni ya viwandani, na mwenye kampuni, Jean-Claude Mas, akahukumiwa miaka 4 jela mwaka 2013. Akaongeza zile za Allergan zenye uso wa kukwaruza, zilizorudishwa dunia nzima mwaka 2019 kwa sababu ya saratani ya limfu. Usiku ule nilitafuta kwenye intaneti jambo moja moja. Yote kweli. Nilimkuta mkweli kwenye kila kitu nilichoweza kukipima, kisha akanidanganya kwenye lile moja nisiloweza kulipima.

Halafu masaji. Masaji si kitu alichokitunga yeye. Wapo wapasuaji wanaowaagiza wagonjwa wao kukanda matiti baada ya operesheni, hasa protezi ikiwa bado imekaa juu mno, na yaya wangu, dada yangu mkubwa, aliagizwa hivyo na munganga wake mwenyewe. Kwa hiyo huyu mama aliponiambia "sisi tunafanya ileile, ila tunapandisha badala ya kushusha", niliona maneno yana akili. Na bei ilikuwa dola 700. Ya kurudia operesheni kule, ukiweka viza, tiketi na hoteli, ni maelfu, na shemeji yenu alikuwa ameshasema hatoi tena hata franka moja. Nani kati yenu asingejaribu?

Basi nikaenda. Ni chumba cha nyuma ya salon, kimefungwa pazia jeupe. Ndani kuna kitanda cha masaji, diploma ukutani, na harufu kali ya alkoli. Amevaa blauzi nyeupe ya waganga, kalamu mfukoni. Akanishika mikono, akaomba. Ndiyo, aliomba, kwa jina la Yesu, na mimi nikaitika amina! Akanisimamisha ukutani, mikono chini, akanipiga picha kifua tu. Nikalala. Akaweka vidole gumba viwili chini ya titi akasukuma kwenda juu kwa nguvu zake zote. Nilisikia protezi inateleza ndani yangu, nikauma meno. Alipoona imepanda akabandika sparadra (plasta) pana ya rangi ya kahawia, kutoka chini ya titi mpaka begani, tabaka juu ya tabaka. Kisha sindano kwenye mkunjo, "ya kukaza nyama". Kichupa sikukiona, alivuta dawa akiwa amenipa mgongo.

Akaniambia nisimame. "Mama, weka mikono kichwani, nione kama imekaa." Nikaweka. Akapiga picha. Akaweka picha zote mbili kwenye tableti, upande kwa upande, akanigeuzia.

Matiti mawili sawasawa. Mkunjo umepanda, chuchu inatazama mbele. Nililia machozi, nikamkumbatia yule mama. Nikammalizia makuta yake, nikampa na msichana wake wa kazi. Hata alipouliza kadi yangu ya protezi, ile niliyopewa Johannesburg yenye jina la kampuni, ukubwa na namba za kila protezi, nikampa bila kuuliza. Alisema anaituma kwa mtengenezaji kuhakikisha haimo kwenye zile zilizoondolewa. Mpaka leo sijaiona tena.

Mikono kichwani! Simameni mbele ya kioo sasa hivi, hata nyie msio na protezi, muinue mikono. Matiti yanapanda, ya kila mwanamke. Msuli wa kifua unavuta, ngozi inanyooka, mkunjo unakwenda juu. Hiyo ndiyo "baada" yake. Rudini kwenye zile picha zake zote: "kabla", mikono iko chini, "baada", ngozi ya kwapa imenyooka na kiwiko kinachungulia pembeni. Zote! Na sasa mojawapo ni yangu, ameiweka kwenye statusi, nimeitambua kwa alama yangu ya kuzaliwa. Kifua changu ndicho anachowavutia wengine.

Sparadra ilipotoka, titi lilishuka, tena chini kuliko mwanzo. Ngozi iliyokuwa chini ya sparadra imejaa malengelenge. Pale palipochomwa sindano pakawa pekundu na pa moto, na usiku homa ikaja. Nikampigia. "Ni mwili unakubali, mama, kunywa maji." Nikapiga tena, akanibloki.

Munganga wa kweli aliyenipokea baadaye, mpasuaji, hakunicheka na hakunifokea. Alinichorea nyuma ya ordonansi, karatasi ya kuandikia dawa. Protezi ikiingia, mwili unajenga utando kuizunguka, unaitwa kapsuli, kama mfuko. Protezi inakaa pale mfuko ulipo. Kama mpasuaji wa kwanza alifungua nafasi kubwa mno, au mkunjo wa chini uliachia, au protezi ni kubwa na nzito kuliko kifua, mfuko unapanuka na protezi inafuata: chini kama mimi, pembeni kwapani, au katikati mpaka matiti yanakutana. Na ile inayopanda juu baadaye na kuwa ngumu, mara nyingi ni kapsuli iliyokaza, tatizo tofauti na dawa tofauti. Mfuko uliopanuka haufungwi kwa vidole gumba. Unafungwa kwa kufungua na kushona kapsuli kwa ndani, au kutengeneza nafasi mpya, kwa mfano chini ya msuli kama ya kwanza ilikuwa juu yake, pengine kuweka wavu wa kuishikilia, pengine kubadilisha kwa protezi ndogo zaidi. Kwa kawaida wanasubiri miezi kadhaa baada ya operesheni ya kwanza mwili utulie, kwa sababu protezi mpya hukaa juu kisha hushuka zenyewe kidogo. Baada ya kushonwa, unavaa sutien ya kushikilia kwa wiki nyingi na hubebi kitu kizito. Na alinieleza wazi kwamba hata hapo inaweza kurudi, hakuna munganga mwaminifu atakayekuapia.

Akaniambia pia kwamba kuisukuma protezi iliyoshuka kunaweza kuuvuta mfuko zaidi, na kwamba sindano karibu na protezi ni hatari mara mbili: inaweza kuitoboa, na protezi ya silikoni inaweza kupasuka usione dalili yoyote, au inaweza kuingiza wadudu. Ekografi (ultrasound) imeonyesha maji kando ya protezi yangu. Niko kwenye antibiotiki. Kama wadudu wamefika kwenye protezi yenyewe, itabidi itolewe, nikae miezi bila, kisha ndipo tuongelee kurekebisha. Na munganga ananiuliza: protezi ni ya kampuni gani, mililita ngapi, namba gani? Kadi iko kwa yule mwizi! Nimeandika Johannesburg wanitafutie kwenye faili yao, bado nasubiri.

Nataka afungwe. Kifungu cha 98 cha kanuni yetu ya adhabu kinasema utapeli ni miezi 3 mpaka miaka 5, na kwangu mimi miaka 5 ni michache kwa mtu anayechoma sindano asizozijua kwenye vifua vya bamama. Kufanya uganga bila ruhusa ni kosa lingine juu ya hilo. Alale gereza la Kasapa. Salon ifungwe, tableti ichukuliwe, kila picha ya mwanamke iliyomo ifutwe mbele ya mwenye picha. Na wale wanaomtangazia kwa kupewa asilimia, nao waitwe, wajieleze. Shemeji yangu ameshaanza kusema hakujua, atalisema hilo parke.

Wale mnaouliza dalili: hana namba ya Ordre ya waganga, baraza la madaktari, ukimwomba anasema yeye ni "spesialisti wa urembo". Hatoi risiti. Hataki uende na mtu, anasema chumba ni kidogo. Haonyeshi kichupa. Anabakisha kadi yako. Kadi hiyo usimwachie mtu yeyote, apige picha akurudishie palepale. Na mikono kichwani, hiyo nimeshawaambia.

Nyie mliopita kwake, najua mpo, maana diploma ile haikununuliwa jana na pazia lile limechakaa. Kama una picha, sauti za WhatsApp, au alama ya sindano bado ipo, niandikie inbox leo. Jina lako halitatoka hapa. Avoka anasema tukiwa wengi tunaweka malalamiko mamoja, na nakala tunaipeleka Ordre. Na kama una homa au titi ni jekundu, usisubiri parke, nenda hospitali kwanza.